Mbao Tisa za Futi Tatu

Kagondo, Bukoba
3 Julai 1988

Mdogo wangu Zabibu,

Habari za mtoto nimezipata kwa Mutembei wa lori la ndizi, naye alizitangaza soko zima kabla hajanifikia mimi. Kwa hiyo mjomba mwenyewe nimekuwa mtu wa ishirini kujua. Hata hivyo nilifurahi mpaka nikashindwa kumaliza sahani. Umefanya vizuri kumpa jina la Mama. Mwambie Mama kwamba sasa kuna Ashura wawili hapo Ngenge, na yule mdogo asianze mapema tabia ya kufokea watu.

Shemeji Hamidi nampa pongezi. Asijidai sana, kazi kubwa ameifanya mwingine.

Mimi nipo hapa nyumbani tangu Februari. Kisiwani Goziba sirudi tena kuvua kwenye vyombo vya watu. Nilipata homa kidogo, ikapita. Migomba ya Mama nimeipalilia, na paa la jikoni nimelifunga upya. Mwambie nyumba yake imesimama.

Ni mimi kaka yako,
Muharami

(Kikaratasi hiki ni chako peke yako. Najua barua zangu unamsomea Mama, ndiyo maana nimekikunja mbali.)

Zabibu, nina shida na Hamidi. Anipasulie mbao tisa, urefu futi tatu kila moja, upana inchi nane, unene inchi moja. Ziwe za mvule uliokauka vizuri, zisizo na fundo, maana zitakaa kwenye unyevunyevu miaka mingi. Randa isimsumbue, zitakuwa chini, hakuna atakayeziona. Hapa mjini ubao haushikiki. Mafundi wote wamegeuka watengeneza masanduku, na hata mlango ukitaka unaambiwa usubiri waliokufa wapite kwanza. Mama asijue. Akijua atalia, na sitaki alie kabla jambo halijakamilika. Nitakueleza mwenyewe wakati wake.

M.


Kagondo
4 Julai 1988

Dada Hemlata,

Msalimie Mzee Kanubhai. Naomba mniwekee pamba mabunda matatu, lami debe moja, misumari ya inchi tatu na ya inchi nne, na marekani nyeupe yote mliyonayo. Nitapita Alhamisi.

Uliniuliza juzi dukani ninajenga nini, nikakuzungusha. Sasa nakuambia, maana utaniuzia lami na hutakosa kujua. Najenga mtumbwi. Uko hapa uwanjani nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, futi ishirini na nne. Majirani wananiita Nuhu na wanauliza wanyama watafika lini. Ufukweni sikuweza kuujengea, mbao zingeondoka moja moja. Tena hapa ndipo Tata, marehemu baba yetu, alipojengea wake.

Nilianza kwa vipimo vyake vile vile, ninavikumbuka kwa kichwa. Mkuku, ule uti wa chini wa chombo, nikauweka, mataruma nikayasimamisha yote, pande zote mbili, kama mbavu za ng'ombe. Halafu asubuhi moja nikakaa juu ya kisiki nikautazama, nikaona ni ule ule wa mwaka wa vita. Nikayang'oa mataruma yote nikaanza upya. Sasa upana wake umetoka futi nne na kuwa tano na nusu, na ubavu nimeuteremsha. Wiki tatu za kazi zilikwenda hivyo, lakini sijutii hata siku moja.

Sasa naomba sana. Wewe na Zabibu mlikaa dawati moja, najua mnaandikiana. Usimtajie mtumbwi. Unakumbuka tulivyompoteza mdogo wetu Lukmani tulipokuwa tunakimbia mji. Tangu siku ile Mama alisema hakuna mtumbwi utakaoingia tena katika uwanja wake, hata yeye akiwa mbali. Mimi nimeuingiza. Zabibu akijua, Mama atajua siku hiyo hiyo. Nataka umalizike kwanza, uelee, ndipo nimwite Mama anitukane vizuri. Niapie kwamba hutasema.

Wako,
Muharami


Ngenge, Muleba
9 Julai 1988

Kaka Muharami,

Barua yako imefika, asante. Nilimsomea Mama ile kubwa, akacheka hapo pa kufokea watu, kisha akafoka. Kikaratasi nilikisomea chooni.

Mtoto ananyonya vizuri. Mimi arobaini yangu bado, sitoki, lakini nina nguvu.

Kaka, hiyo homa kidogo ilikuwa siku ngapi? Nani anakupikia? Mutembei alipoulizwa na Hamidi kama umenona au umekonda, alisema "yupo yupo tu," na wewe unajua mtu akijibiwa hivyo siku hizi maana yake ni nini.

Nilimpa Hamidi vipimo vyako. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi, akakiweka chini. Akaniambia, "Zabibu, mbao za kazi hii nimekwisha kuzipasua mara nne mwaka huu." Wiki iliyopita Ishengoma, jirani yetu, alikuja kutaka mbao ndefu za sanduku la mkwewe. Sisi Waislamu hatuzikwi na sanduku, zetu huwa hizi fupi, za kuzuia udongo pale mtu anapolazwa mwanandani. Nilimwambia Hamidi anyamaze, kuna kazi nyingi za mbao fupi. Halafu nikakaa nikahesabu mwenyewe. Mbao tisa za inchi nane ni inchi sabini na mbili. Ni futi sita. Wewe una futi sita kasoro kidogo sana, kaka, ulikuwa ukijipima kwenye mlango wa ghala na kututambia.

Sikuulizi kwa ubaya. Nauliza kwa sababu sisi wawili ndio tuliobaki. Je, ni kile ninachofikiri? Kama ndicho, niambie ndiyo tu, nisikie kwako kabla sijasikia kwa Mutembei sokoni. Mama hajui neno.

Mdogo wako,
Zabibu


Kagondo
14 Julai 1988

Zabibu,

Barua yako Mutembei ameitumbukiza kwenye beseni la samaki, mistari mingi imefutika. Habari za mtoto nimezipata, na pale chini nimesoma vizuri: umepiga hesabu, na unauliza kama ni kile unachofikiri.

Nilijua huwezi kufichwa! Watoto wa Tata tumekulia kwenye futi na inchi, mtu akitutajia kipimo tunajua kitu chenyewe. Ndiyo. Ndicho. Sitalitaja jina hapa kwa sababu najua Mama hukaa ubavuni kwako ukifungua barua.

Usinishawishi niache. Nimefikiri miezi mingi na nimeamua. Tangu mwaka wa vita moyo wangu haujawahi kutulia kama ulivyotulia sasa. Mahali nimechagua nyuma ya nyumba, hatua chache tu kutoka kaburi la Tata, na kila asubuhi nikimaliza chai nakwenda pale. Kazi kubwa imekwisha. Zimebaki hizo mbao tu. Watu wa kubeba nimekwisha kuongea nao, wanaume wanane, wote wamekubali, wala hakuna aliyecheka.

Mwambie Hamidi asikawie. Nataka kila kitu kiwe tayari kabla ya mwezi kwisha. Arobaini yako ikiisha njoo, lakini usije na Mama mpaka niwaite. Nataka akute jambo limekwisha.

Wala usihuzunike. Nina furaha, dada yangu, kweli nina furaha.

Muharami


Bukoba mjini
15 Julai 1988

Zabibu mpenzi,

Hongera, hongera, hongera! Baba aliposikia alisema, "Yule mtoto aliyekuwa akila korosho zangu bila kuomba sasa ni mama wa mtu!" Nakutumia shali ndogo niliyofuma mwenyewe. Upande mmoja umezidi kuwa mrefu, mfunike mtoto huo upande mfupi ukiwa ndani.

Mji umekuwa mpole sana. Katika mtaa wetu tumebaki familia tatu tu za Wahindi. Hemant na mkewe wamehamia Mwanza mwezi uliopita. Kila wiki kuna duka linafungwa nusu siku kwa ajili ya mazishi, wakati mwingine mawili. Baba anasema tuhame, lakini kila akianza kufunga mizigo anakaa juu yake na kunywa chai.

Kaka yako alipita kwetu juzi. Amekonda, sitakudanganya, suruali ameifunga kwa kamba, lakini macho yamechangamka na alimtania Baba mpaka akasahau bei. Alinunua pamba mabunda matatu na marekani nyeupe yadi kumi na mbili, ndiyo yote iliyokuwa rafuni. Baba akamuuliza anashona nini. Akasema, "Si ya kuvaa sokoni, mzee." Mimi najua ni ya nini ila ameniapisha, na Hemlata akiapa ameapa. Atakuambia mwenyewe. Nakuambia tu kwamba sijamwona akiwa na amani hivi tangu tukiwa shule.

Nibusie Ashura mdogo.

Hemlata


Ngenge
22 Julai 1988

Kaka yangu Muharami,

Mbao hizi zinakuja na Mutembei pamoja na barua hii. Ziko tisa. Ulisema zisipigwe randa, lakini Hamidi amezipiga zote, pande zote mbili, siku mbili nzima, na hakutaka nimsemeshe. Alisema shemeji yake hatalala chini ya mbao zenye vibanzi. Kwa Mama kazi hiyo nimeipa jina jingine, nimemwambia ni rafu za dukani kwa Kanubhai. Nimedanganya sana mwezi huu.

Hemlata ameniandikia. Hakuvunja kiapo, usimkasirikie, ni mwenyewe tu hajui kwamba pamba na marekani nyeupe kwetu si siri. Kwao hawaziki. Aliniandikia kama mtu anayesimulia arusi. Nilipomaliza kuisoma nilimpa Hamidi mtoto, nikaenda kukaa chooni nikalia huko, kwa kuwa ndiko mahali pekee hapa ambapo Mama hanifuati.

Sitakulaumu kwa kunificha. Najua ugonjwa huu wanavyotutenga nao. Hapa kijijini watu wakipita kwenye nyumba yenye mgonjwa wanaharakisha miguu. Sisi hatutaharakisha. Arobaini ikiisha nakuja na mtoto wangu mgongoni, nitakupikia, nitakufulia, na atakayesema aseme. Unasema una furaha. Mimi sina, kaka. Nina hasira, na sijui nimpelekee nani.

Lakini sikuanza barua hii kwa ajili ya hayo. Naomba radhi yako. Nina siri niliyoibeba miaka kumi, na siwezi kukuacha uende ikiwa bado imefungwa.

Ile asubuhi ya Novemba, tulipokuwa tunapakia kwenye mtumbwi wa Tata kukimbilia upande wa Muleba, Tata alisema nguo na chakula basi. Unakumbuka. Mimi nilikuwa nimepewa cherehani na shangazi, ndiyo kwanza nimejifunza kupiga mshono ulionyooka. Sikuweza kuiacha. Niliifunga katika mkeka nikaiingiza mbele, chini kabisa, nikaifunika kwa magunia ya maharage. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nina akili za kutosha kujua kwamba chombo kimejaa. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Kisha ikapita ile ndege, chombo kikalala ubavu, na Lukmani hatukumwona tena. Miaka kumi na miwili tu alikuwa nayo.

Ni mimi, kaka. Ni uzito wangu uliotuzamisha. Tata alikufa kabla mwaka haujaisha akiwa anajilaumu, nami nikanyamaza. Wewe Mama alikukataza mitumbwi uwanjani kana kwamba wewe ndiye uliyekosa kwa kuwa ulishika kasia, nami nikanyamaza. Kila Mama akimtaja Lukmani naona mkeka ule.

Unisamehe kabla hujaondoka. Ukiweza kuandika, andika neno moja. Kama huwezi, mwambie Hemlata aandike.

Dada yako asiyestahili,
Zabibu


Kagondo
24 Julai 1988

Zabibu!

Ni mtumbwi. Naanza na hilo usije ukafa wewe kabla hujafika ukurasa wa pili. Najenga MTUMBWI. Mzima wa afya, nina njaa, nina kidonda cha nyundo kwenye kidole gumba, na sifi.

Nilifungua barua yako nikiwa nimekaa juu ya hizo mbao, lori halijaondoka bado. Nilipofika pa Hamidi na vibanzi nikafikiri amerukwa na akili. Nilipofika kwenye pamba nikaanza kucheka, nikacheka mpaka Mutembei akazima injini aje kunitazama. Kisha nikafika kwenye cherehani, na pale sikucheka tena. Nimelia mbele ya dereva wa ndizi, Zabibu, na kesho soko zima litajua.

Hebu sikiliza. Pamba ni ya kuzibia nafasi kati ya ubao na ubao, ndipo lami inapakwa juu yake. Marekani ni ya tanga, na yadi kumi na mbili hazifiki hata nusu ya tanga. Wanaume wanane ni wa kuupandisha kwenye lori mpaka ziwani. Na mimi nilidhani umekwisha kujua! Ile barua yako ya kwanza maji yalikula katikati yote, sikuona Ishengoma wala mwanandani, niliona hesabu na swali. Nikasema, huyu ameshatambua mtumbwi, mtoto wa Tata. Sasa hivi nimeisoma tena barua niliyokujibu, kwa kichwa, neno kwa neno. Nisamehe. Ningekuwa wewe ningekuwa nimeshaanza kuchimba.

Sasa la kukonda. Nilirudi kutoka Goziba Februari nikiwa nimebebwa, homa ya matumbo. Kambini kwetu tulikuwa saba, watatu tumewazika. Kwa hiyo nilipoona suruali inanidondoka nami nikafikiri kama ulivyofikiri wewe, na kama walivyofikiri Kagondo nzima. Watu waliacha kupita hapa. Nilipopona homa nikaomba hospitali wanipime damu. Sikumwambia mtu, maana huku ukionekana umekwenda kupima wamekwisha kukuhukumu. Majibu yalichukua wiki tano. Wiki hizo sikupanda hata mche wa maharage, nilikaa tu. Nikaambiwa hakuna. Sikuamini. Mwezi wa tano nikapima tena, wakasema tena hakuna, na daktari akanifokea nikale. Siku hiyo hiyo nilikwenda ghalani kuutafuta msumeno wa Tata. Mtu asiyejua kama ana mwaka hawezi kuweka mkuku, Zabibu. Mimi nimeuweka.

Ningekuambia. Niliona aibu kwamba niliogopa kiasi kile.

Sasa cherehani. Niliiona. Nilikuwa nyuma na kasia, nilikuona ukiingia nayo katika mkeka, nani asingejua mkeka usioviringika? Nikanyamaza kwa sababu nami nilikuwa nimeficha viatu vyangu vipya. Na sasa nakuambia kama fundi, si kama kaka. Kitu kizito kikiwa chini kabisa, sakafuni, hakipindui chombo. Kinakituliza. Wavuvi huweka mawe kwa makusudi. Kinachopindua ni uzito wa juu, na ilipopita ile ndege sote tulisimama. Tata alisimama. Mama alisimama na mkoba kichwani. Mimi niliyekuwa na kasia nilisimama, nami miaka kumi nimeamini kwamba kama ningekaa tusingempoteza Lukmani. Hukujua hilo, eh? Kila mmoja wetu alikuwa amejichukulia kosa zima na kulificha lisionekane na mwenzake.

Nilipousimamisha mtumbwi huu kwa vipimo vya Tata ndipo nikaona kwa macho. Ulikuwa mwembamba mno, na mabenchi yake yalikuwa juu. Ulikuwa wa watu wanne na nyavu. Ukiwaweka kumi na mmoja, wakasimama, ungepinduka hata ndani yake pangekuwa na malaika. Ndiyo sababu niliubomoa nikaupanua. Na ndiyo kazi ya mbao zako tisa: ni sakafu. Wangu hauna benchi hata moja. Kila atakayepanda atakaa chini juu ya mvule wa Hamidi, na mwambie Hamidi vibanzi kweli hakuna, nimekalia mwenyewe.

Huna kosa, Zabibu. Radhi yangu unayo, ulikuwa nayo siku zote. Nipe na wewe yako.

Na barua hii msomee Mama yote. Usiruke neno, hata la ndege, hata la damu, hata la mtumbwi kuwa katika uwanja wake. Nimechoka na vikaratasi. Akikasirika nitapokea.

Kaka yako mzima,
Muharami


Ngenge
29 Julai 1988

Muharami, adui yangu,

Radhi unayo. Ukishaipokea, jua kwamba nikifika nitakupiga kwa mwiko. "Zitakuwa chini, hakuna atakayeziona." Mtu mzima anaandika hivyo! "Wanaume wanane wamekubali!" Hamidi aliisoma barua yako akiwa amesimama nyuma yangu, akatoka nje, nikasikia anacheka peke yake kwenye shimo la kupasulia mbao, kisha anapenga kamasi. Amesema ukitaka mbao tena uandike jina la kitu kwa herufi kubwa.

Mimi nimelala mchana mzima baada ya kusoma. Nilikuwa sijui kwamba nilikuwa nimechoka hivyo. Ile habari ya kusimama nimeirudia mara nyingi. Nami nilisimama, kaka. Nilikuwa nimesahau kabisa, miaka yote nilikuwa nikiutazama mkeka tu. Siwezi kusema uzito umekwisha wote. Lukmani hayupo. Lakini leo nimemtaja jina lake kwa sauti nikiwa namwogesha mtoto, nikaendelea kumwogesha.

Nimemsomea Mama kama ulivyotaka. Alikuwa jikoni anamenya ndizi za ebitoke. Nilianza mwanzo nikaenda moja kwa moja, na nilipofika kwenye cherehani nikaishusha karatasi. Mama alinyoosha mkono wake, una utomvu wote, akanishika shavu, akasema, "Endelea." Kwenye ndege kisu kilisimama. Kwenye damu alisema, "Rudia hapo." Nikarudia. "Mara mbili wamepima?" Nikasema mara mbili, Mama. Akaniambia niisome sehemu hiyo tena, kuanzia kwenye homa. Nimeisoma mara nne.

Halafu akanikaripia. "Wewe Zabibu, barua ya ukurasa mmoja unaisoma huku unameza mate, kisha unakwenda chooni unarudi macho mekundu, unadhani mimi kipofu? Rafu gani za duka zinapigwa randa na mtu anayelia? Mwezi mzima nimemlilia mwanangu kule kwenye migomba ili wewe usinione, maana una mtoto mchanga, maziwa yasije yakakatika." Kumbe sote tulikuwa tukigawana vichaka vya kulilia hapa, Hamidi shimoni, mimi chooni, yeye migombani.

Nikaona nimalize lililobaki. Nikamwambia, "Mama, lakini umesikia pale pengine? Muharami ameingiza mtumbwi kwenye uwanja wako. Umesimama pale, karibu na Tata."

Nilijiandaa kwa makelele.

"Haumwi?" akauliza.

"Haumwi, Mama."

"Basi, waitu, na ajenge hata meli."

Tunakuja sote Jumatatu ya tarehe nane.

Mdogo wako,
Zabibu